UZI: Dokta Tom wa Nebraska, kocha aliyekataa sare zikiwa zimebaki sekunde 48 awe bingwa

Msafiri wa Platte (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Uzi huu nadaiwa siku nyingi. Kuna mdau humu aliwahi kuniuliza kwa nini kila nikiutaja mji ninaoishi lazima nimalizie na mzee mmoja anaitwa Tom Osborne. Leo sina zamu, nje baridi kali, chai ipo kwenye chupa. Twende.

Nipo Lincoln, Nebraska, mwaka wa sita huu. Kwa wasiopajua, ni katikati kabisa ya Marekani, tambarare tupu, mahindi mpaka macho yachoke. Jimbo zima lina watu takriban milioni mbili na halina timu hata moja ya ligi kubwa ya kulipwa, iwe kikapu au huu mpira wao wa kushika mikononi (American football). Walichonacho ni timu ya chuo kikuu, Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 85,000, na kwa hesabu za chuo, tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zikiisha tangu Novemba 1962. Chuo hicho, wakuu, si Yanga na Simba.

Jumamosi yangu ya kwanza hapa sikuwa najua lolote. Natoka asubuhi kutafuta unga, nakuta mji mzima mwekundu. Bibi kizee mwekundu, mtoto kwenye kigari mwekundu, mbwa kavalishwa fulana nyekundu. Nikajua ni kampeni, nikarudi ndani, maana kampeni nazijua.

Aliyenitoa tongotongo ni mzee jirani yangu, mstaafu. Akaniita kwake, akanipa Runza (mkate umejazwa nyama ya kusaga na kabichi, huku ndiyo chapati zao), akachukua kichupa cha chumvi, cha pilipili na vikombe vinne, akanipangia mezani mchezo unaoitwa opsheni. Chumvi ndiye kotabeki, mwenye mpira. Pilipili yuko nyuma yake kidogo, pembeni. Wanakimbia pamoja kuelekea ukingo wa uwanja. Kuna kikombe kimoja cha adui ambacho kimeachwa makusudi, hakuna aliyekizuia. Basi chumvi anakitazama hicho kikombe tu. Kikimfuata yeye, anamrushia pilipili. Kikimfuata pilipili, anakata ndani na mpira wake. Kikombe kikifanya lolote, kimekosea. Mzee akarudia mara tatu, kila mara anacheka kama ndiyo kwanza anauona.

Akaniambia, huu ndio mpira wa Dokta Tom. Na Dokta kweli: Osborne ana shahada ya uzamivu ya saikolojia ya elimu aliyoipata hapo hapo Nebraska mwaka 1965.

Sasa hoja yangu, ili tusizunguke. Huyu mtu amekuwa kocha miaka 25, mbunge miaka sita, kisha mkurugenzi wa michezo wa chuo miaka mitano. Watu wa huku wanamuimba kwa vikombe. Mimi nasema ukitaka kumjua, weka vikombe kando, tazama maamuzi matatu: pointi mbili za 1984, kijana wa 1995, na kuhama kanda (yaani ligi ya vyuo wanayochezea) 2010. La kwanza nampa mia kwa mia. La pili linanikaa vibaya. La tatu ndilo nataka tubishane.

Naweka kwa vipande, msinikatize sana.

Fundi Spana

Nimekaa mbele kabisa na kashata zangu. Swali la haraka tu: mkurugenzi wa michezo wa chuo naye ni mtu wa kuandikiwa uzi? Kwetu chuoni alikuwa yule anayetunza funguo za stoo ya mipira.

Msafiri wa Platte

Hahaha mkuu. Huku huyo ndiye anayeajiri na kufukuza makocha wote, anasaini mikataba ya televisheni, anachangisha hela za majengo. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kuliko gavana, ni kocha wa chuo. Na mkurugenzi ndiye bosi wa huyo kocha. Endelea na kashata.

Msafiri wa Platte

KIPANDE CHA KWANZA

Osborne kazaliwa 1937 Hastings, mji mdogo wa hapa hapa Nebraska. Akacheza chuo cha nyumbani kwao, Hastings College, kama kotabeki. Akaenda kucheza mpira wa kulipwa, na mwaka 1960 na 1961 alikuwa mpokea pasi wa Washington. Hakuwa nyota. Mwaka 1962 akarudi Lincoln kusoma, na hapo hapo chuo kikawa kimeleta kocha mpya kutoka Wyoming, Bob Devaney. Osborne akaenda kumwomba kazi ya usaidizi. Alianza bila mshahara wa maana, anakula mezani pa wachezaji, na kibarua chake kimojawapo kilikuwa kukaa bwenini na wale watukutu ili walale.

Devaney alikuwa mtu wa vicheko na stori. Osborne ni kinyume chake: mrefu, mkimya, mcha Mungu, hapandishi sauti. Ila kwenye ubao wa mbinu ndiye aliyekuwa moto. Mwaka 1969 akakabidhiwa mashambulizi, na 1970 na 1971 Nebraska ikawa bingwa wa taifa mara mbili mfululizo.

Sasa shikeni hapa maana tutarudi. Devaney tangu 1967 alikuwa kocha na mkurugenzi wa michezo kwa wakati mmoja. Alipoacha ukocha baada ya msimu wa 1972 hakuondoka, alibaki kwenye kiti cha ukurugenzi mpaka 1993, na mrithi wake alimteua yeye mwenyewe. Kwa hiyo Osborne alifundisha takriban miaka 20 bosi wake akiwa ni mtu aliyeijenga nyumba ile. Nyumba moja, funguo zinapita mkono kwa mkono.

Alipoanza 1973 alipata tabu na Oklahoma ya Barry Switzer. Alifungwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Mashabiki wakaanza yale tunayoyajua. Mwaka 1978 akawafunga 17 kwa 14, Oklahoma wakiwa namba moja nchini, na bado baada ya msimu ule nusura ahamie Colorado. Akabaki.

Miaka 25, hakuna msimu hata mmoja aliopata ushindi chini ya mara tisa. Jumla ameshinda 255, amepoteza 49, sare 3. Rudia kusoma hiyo namba.

Mtoto wa Ilala

Mkuu sare 3 tu? Huko kwenu sare ni dhambi?

Msafiri wa Platte

Umenifikisha penyewe.

KIPANDE CHA PILI: POINTI MBILI

Msimu wa 1983 Nebraska walikuwa hawashikiki. Wastani wa pointi 52 kwa mechi. Kotabeki Turner Gill, mkimbiaji Mike Rozier aliyebeba Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na mpokea pasi Irving Fryar, ambaye baadaye alichaguliwa namba moja kabisa kuingia ligi ya kulipwa. Mechi 12, ushindi 12.

Mechi ya mwisho ni tarehe 2 Januari 1984, Orange Bowl, mjini Miami, dhidi ya Miami wenyewe kwenye uwanja wao. Zama hizo hakuna fainali rasmi. Bingwa wa taifa alipatikana kwa kura, waandishi wa habari wanapiga zao na makocha zao. Na hakukuwa na muda wa nyongeza, huo ulikuja katikati ya miaka ya 90. Mechi ikiisha sare ni sare.

Miami, na kotabeki wao kijana Bernie Kosar, wakatangulia 17 kwa 0. Nebraska wakapata tachidauni ya kwanza (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui, pointi sita) kwa ujanja ambao mzee jirani ananionyesha mpaka leo kwa kusimama katikati ya jikoni: Gill akauacha mpira chini makusudi, kisha yeye na wenzake wakakimbilia upande mmoja kana kwamba wanao. Dean Steinkuhler, bonge la mtu ambaye kazi yake ni kuzuia tu, hashiki mpira mwaka mzima, akauokota na kwenda zake upande mwingine yadi 19 hadi ndani. Jirani akifika pale pa kuokota, goti linalia, mkewe anamwambia akae chini.

Robo ya mwisho Miami wapo mbele 31 kwa 17. Rozier kaumia kifundo, katoka. Nebraska wakarudisha moja, 31 kwa 24. Wakapewa tena mpira. Fryar akiwa peke yake kabisa akadondosha pasi ambayo mimi na wewe tungedaka. Ikafika jaribio la nne, la mwisho, bado yadi nane ili wasinyang'anywe mpira. Opsheni ileile ya chumvi na pilipili: Gill akamrushia Jeff Smith, mbadala wa Rozier, akaenda yadi 24. Tachidauni. 31 kwa 30. Sekunde 48.

Baada ya tachidauni unapewa kuchagua. Pointi moja, unapiga mpira katikati ya nguzo, sawa na penalti isiyo na kipa. Au pointi mbili, unajaribu kuingia tena kwa mchezo kutoka karibu na mstari, na huko ni bahati nasibu. Akichukua moja, ni 31 kwa 31, hajapoteza mechi mwaka mzima, na karibu kila mtu anakubali kwamba kura zingempa ubingwa. Ubingwa wake wa kwanza, baada ya miaka 11 ya kusubiri.

Akaenda kwa mbili. Gill akakimbia kulia, akapasia Smith, beki wa Miami Kenny Calhoun akanyoosha mkono, vidole vikagusa mpira. Kwisha habari. Miami bingwa.

Alivyojieleza baadaye ni kwamba mahali pale hutafuti sare, unatafuta kushinda. Hakumlaumu mtu. Na mashabiki wa Nebraska, watu ambao wangeweza kumchukia maisha, ndipo walipompenda moja kwa moja.

Fundi Spana

Mimi ningepiga moja, nibebe kombe, nikalale. Falsafa tutaongelea parade.

Mtu wa Eldoret

Huyo kocha alikuwa na roho ngumu aisee. Lakini hebu nikuulize boss, alikuwa anachezea kazi ya nani? Wale vijana wa mwaka wa mwisho hawangepata nafasi nyingine. Yeye alikuwa na mwaka ujao, wao walikuwa na hiyo usiku moja tu. Aliwauliza?

Msafiri wa Platte

Mtu wa Eldoret, hiyo ndiyo hoja bora dhidi yake na sijawahi kuisikia huku. Ninachojua ni kwamba wachezaji wa kile kikosi kwa miaka yote wamekuwa wakisema walikuwa naye. Ila ni kweli, ukishaingia uwanjani na kocha wa namna ile huna namna ya kusema hapana.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, unaandika vizuri ila unapita haraka penye utamu. Hizo timu zao ziliundwaje? Jimbo la watu milioni mbili linashindanaje na Florida na California?

Msafiri wa Platte

Shikamoo mwalimu. Ni kweli nimeparuka.

Kuna mambo mawili. Kwanza, vijana wa mashambani waliokuja bila ufadhili. Chuo kiliruhusiwa idadi maalumu ya wachezaji wanaolipiwa, mpaka 2025 ilikuwa 85. Wengine waliweza kujiunga kwa gharama zao. Nebraska wakaligeuza hilo kuwa desturi: kila kijiji kina kijana mmoja aliyebeba magunia tangu utotoni, anakuja Lincoln, baba anauza ng'ombe alipe ada, miaka miwili mitatu anafanya mazoezi tu na kula, kisha mwaka wa nne anaingia kikosini ana shingo kama gogo. Walikuwa wengi kiasi kwamba mazoezi yaligawanywa vituo kadhaa kwa wakati mmoja, hakuna aliyesimama kutazama. Kila familia jimboni ikawa na mtoto wa jirani kwenye timu. Ndiyo maana bibi kizee naye anavaa nyekundu.

Pili, alikubali kubadilika akiwa mtu mzima. Kati ya Januari 1988 na Januari 1994 alipoteza mechi saba mfululizo za mwisho wa msimu, nyingi dhidi ya Miami na Florida State. Mabeki wake walikuwa wazito, wenzake wanateleza kama samaki. Akabadili mfumo wa ulinzi, akaleta wenye mbio, akamtoa kotabeki Tommie Frazier Bradenton, huko huko Florida. Ile ya saba alifungwa 18 kwa 16, mkwaju wa mwisho wa yadi 45 ukapita pembeni. Kuanzia hapo hakuna tena kulia: bingwa 1994, bingwa 1995, bingwa 1997. Misimu mitano ya mwisho, ushindi 60, kufungwa 3. Baada ya kumpiga Tennessee ya Peyton Manning 42 kwa 17 Januari 1998, akastaafu akiwa na miaka 60. Ule ubingwa wa mwisho aligawana na Michigan: waandishi waliwapa Michigan, makocha wakampa yeye.

Dada wa Omaha

Nimesoma kimya kimya nikisubiri kama utaruka 1995. Maana huku ukiitaja watu wanabadilisha mazungumzo, wanaanza kuongelea hali ya hewa.

Msafiri wa Platte

Siruki dada.

KIPANDE CHA TATU

Septemba 1995 mkimbiaji wake bora, Lawrence Phillips, alikamatwa kwa kumshambulia binti aliyekuwa mpenzi wake, mwanafunzi wa chuo hicho. Alimburuza ngazini. Phillips alikuwa kijana wa California aliyekulia kwenye vituo vya kulelea watoto, maisha yake yote hakuwa na kwao.

Osborne alimsimamisha. Wengi walitarajia amfukuze. Baada ya mechi sita, mwanzoni mwa Novemba, akamrudisha. Fainali, 2 Januari 1996, Phillips akakimbia yadi 165, Nebraska ikaifumua Florida 62 kwa 24.

Hoja ya Osborne ilikuwa hii: mpira ndio kamba pekee iliyomfunga yule kijana na watu wanaomjali, ukiikata umemtupa. Na wanaomtetea wanaongeza kwamba hakumhitaji, zile mechi sita alizokosa timu ilishinda zote, kulikuwa na kijana mwingine, Ahman Green, anafanya kazi ileile.

Dada wa Omaha

Haya, hilo la "hakumhitaji" ndilo linalonichoma. Kama hakumhitaji, angemlea bila jezi. Angempa ufadhili amalize shule, angempeleka kwa washauri, angekuwa anakula naye kila Jumapili. Hakuna aliyesema amtupe. Lakini kumvalisha jezi na kumpa mpira mbele ya nchi nzima, yule binti akiwa chuo hicho hicho, anapita njia zile zile, ni ujumbe kwa nani? Kocha ana PhD ya saikolojia! Katika hesabu yake yote ya kumuokoa kijana, binti aliwekwa safu gani?

Na aliokoka? Phillips alifungwa jela miaka mingi kwa makosa mengine ya ukatili, na Januari 2016 alikutwa amekufa selini California. Huruma imekwenda wapi hapo?

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha sekondari miaka 31. Binti yangu Dada wa Omaha ana haki. Ila nami niseme: nimewahi kumtetea mwanafunzi kwenye kikao cha nidhamu asifukuzwe, nikiamini shule ndiyo ukuta wake wa mwisho. Alibaki. Mwaka uliofuata akamuumiza mwenzake vibaya. Wengine wawili niliowatetea vivyo hivyo leo ni watu wazima wenye familia zao. Ukiwa ndani ya kile kikao hujui umemshika yupi.

Dada wa Omaha

Mwalimu nakuheshimu sana. Lakini wewe kwenye kikao chako hukuwa na fainali Januari.

Mtoto wa Ilala

Hapo mwalimu amepigwa chenga ya mwili 😂 samahani mwalimu.

Msafiri wa Platte

Dada, niliandika mwanzo kwamba la pili linanikaa vibaya. Baada ya kukusoma, naona nililiweka kama kosa la nia njema. Nia naweza kuiamini. Lakini mtu mwenye nia ile ile aliyekataa kupiga pointi moja ya uhakika kwa sababu ya heshima ya mchezo, 1995 angeweza kuipoteza faida ndogo kwa sababu ya heshima ya yule binti. Hakufanya hivyo. Hapo ndipo mizani yangu inapogoma.

Kwa haki, niongeze kitu. Mwaka 1991, kabla ya vikombe, yeye na mkewe Nancy walianzisha TeamMates, mtu mzima mmoja anakutana na mtoto mmoja shuleni mara moja kwa wiki, wanaongea, wanacheza karata, basi. Walianza na wachezaji wake 22. Ipo mpaka leo na imevuka mipaka ya jimbo. Mtoto wa jirani zangu wa Kikongo yumo, mzee wake wa TeamMates ni fundi bomba mstaafu ambaye sasa anajua kusema "sawa sawa" na "polepole".

Mtu wa Eldoret

Na siasa je? Umesema alikuwa mheshimiwa.

Msafiri wa Platte

Nitapita mbio. Aligombea ubunge wa jimbo la tatu la Nebraska kwa tiketi ya Republican mwaka 2000, akapata zaidi ya asilimia 80, akakaa Washington 2001 mpaka mwanzoni mwa 2007. Mwaka 2006 akagombea ugavana, kila mtu anajua ameshapita, akaangushwa kwenye kura za mchujo na Dave Heineman.

Sababu mojawapo inayotajwa sana inatuhusu sisi wageni. Kulikuwa na muswada wa kuwaruhusu vijana waliokulia Nebraska bila vibali walipe ada ya chuo sawa na wenyeji. Heineman aliupinga kwa kura ya turufu. Osborne alisema anauunga mkono, wiki chache tu kabla ya mchujo, kwenye chama kile, jimbo lile. Pointi mbili tena. Zikagongwa tena.

Fundi Spana

Huyu mzee kumbe ana ugonjwa wa pointi mbili.

Msafiri wa Platte

KIPANDE CHA NNE: UKURUGENZI

Osborne alipostaafu ukocha alimwachia msaidizi wake Frank Solich. Mwaka 2003 mkurugenzi wa wakati huo, Steve Pederson, akamfukuza Solich akiwa ameshinda mechi tisa na kufungwa tatu. Akamleta Bill Callahan kutoka ligi ya kulipwa. Callahan akaitupa opsheni, akaleta pasi. Novemba 2007 Kansas wakawafunga Nebraska pointi 76. Sabini na sita! Kansas!

Mwezi mmoja kabla, Oktoba 2007, chuo kilishamtoa Pederson, kesho yake kikamtambulisha mzee wa miaka 70 kuwa mkurugenzi wa michezo. Kwa muda tu, walisema. Akakaa mpaka mwanzoni mwa 2013.

Novemba hiyo hiyo akamfukuza Callahan. Akamleta Bo Pelini, aliyewahi kuwa msaidizi hapo na kuiongoza timu mechi moja baada ya Solich kutolewa. Pelini kila msimu alishinda tisa au kumi, na kila msimu alifungwa vibaya palipo na macho. Mwaka 2012, fainali ya kanda, Wisconsin waliwapiga 70 kwa 31. Mkurugenzi aliyefuata akamfukuza 2014.

Halafu lile la tatu. Tangu 1996 Nebraska walikuwa kanda ya Big 12 pamoja na Texas, na walikuwa hawaelewani: hela za televisheni hazigawanywi sawa, Texas wanataka runinga yao wenyewe. Juni 2010 kanda ikawa inatikisika, Colorado wamekwenda magharibi. Osborne na mkuu wa chuo wakaipeleka Nebraska Big Ten, wakaanza kucheza huko 2011.

Kihela, hakuna ubishi. Big Ten ni tajiri, na vurugu za kanda zilipokuja tena miaka ya karibuni Nebraska walikuwa wamekaa mahali salama wakati wengine wanahangaika na mizigo stendi. Kimpira, mimi naona alikata mizizi. Texas ndiko Nebraska walikokuwa wanapata wachezaji, mlango ule ukafungwa. Wapinzani wa miaka mia wakawa kumbukumbu. Nebraska hawajachukua ubingwa wa kanda yoyote tangu 1999.

Na wala sisemi kosa ni kuhama. Nasema kosa ni kwamba alihama nyumba, ila ndani ya nyumba mpya akawa anajaribu kupanga samani zile zile za Devaney. Kocha wa kale, mtindo wa kale, jirani wapya wanaopiga kifua kwa kifua kwenye theluji.

Mwalimu Mstaafu

Hapo nakupinga. Mtu wa miaka 73 anaona ukuta umeinama, anatoa watoto nje. Kama waliokuja baada yake hawakujua kujenga, unamdai yeye? Umesema mwenyewe aliondoka 2013.

Mtoto wa Ilala

Naungana na mwalimu. Mkuu wewe unamlaumu kwa mambo ya miaka kumi baada ya kustaafu.

Msafiri wa Platte

Mwalimu, ngumu kukujibu. Nikiri tu kwamba hoja yangu ya tatu ina nguvu zaidi mtu akiishi hapa, akisikia wazee wanavyotaja Oklahoma kama mtu anayemtaja mke wa kwanza.

Mtu wa Eldoret

Muulize yule jirani wako. Moja ama mbili?

Msafiri wa Platte

Nimemuuliza jioni hii, tulikuwa tunanyunyiza chumvi ya barafu kwenye njia ya magari.

Kasema usiku ule alitupa kofia kwenye televisheni. Asubuhi yake akaenda kazini, karakana nzima kimya, wanaume kama 30. Mpaka saa nne ya chai ndipo mmoja akafungua mdomo. Nikamuuliza, alisema kocha angepiga moja? Mzee akanitazama kama nimemtukana. Akasema hakuna aliyelitaja hilo, siku ile wala wiki ile. Walichobishania ni kwa nini pasi haikwenda kwa mtu mwingine.

Fundi Spana

Sasa kwani mwingine alikuwa wazi?

Msafiri wa Platte

Ngoja. Karudi ndani kuchukua chumvi na pilipili.